Mpira Umelala

Jumamosi, 7 Machi

Mama watoto ameniambia nimezidi. Anasema mimi nikiona watu wawili wamesimama pamoja, nimeshawafungulia kesi na kuwahukumu. Basi nimenunua daftari. Kuanzia leo naandika ninachokiona kwa macho yangu, ili siku mambo yakifichuka nisiambiwe niliota.

Leo ligi ya besiboli ya viwanda imefunguliwa. Timu ni nne: Sabuni, Matofali, Maji, na sisi wa Magodoro. Mimi ni mtunza ghala wa kiwanda cha magodoro na binti yangu anashona hapo hapo, lakini uwanjani sina timu, mimi ndiye mwamuzi. Mwaka juzi watu walinung'unika kwamba baba hawezi kumwamulia mwanawe. Aliyenitetea ni kocha wa Sabuni, mama mwenye ulimi kama wembe ambaye wote tunamwita Mama Povu. Alisema, "Huyu anamshuku mkewe kwa chumvi ya mboga. Atampendelea nani?" Nikaipokea kama sifa.

Binti yangu ndiye mrushaji wa Magodoro. Mashabiki wanamwita Kombeo, na mkono wake unastahili jina hilo. Mdakaji wake, anayechuchumaa mbele yangu mchezo mzima, ni fundi wa vyerehani vya kiwandani. Wanamwita Kitasa kwa sababu hasemi. Ukimsalimia anaitika kwa kichwa.

Leo Kitasa aliinua mkono mara mbili akaomba muda. Nikampa. Akatembea mpaka kwenye kile kilima kidogo anaposimama binti yangu, wakaziba midomo kwa glavu, wakaongea. Wadakaji wote hufanya hivyo, wanapanga mpira unaofuata wasisikike na wapinzani. Sina neno. Lakini mtu asiyesema ana nini cha kusema muda wote ule?

Jumatano, 11 Machi

Mawingu tu. Kitasa amekuja ghalani kuomba kikopo cha mafuta ya cherehani. Nimempa.

Ijumaa, 13 Machi

Kitasa tena. Mafuta tena. Nikamuuliza, "Ya juzi yameisha?" Akatikisa kichwa, sijui ni ndiyo au hapana, akasimama pale akiitazama meza yangu kana kwamba imeandikwa kitu. Halafu akachukua kikopo akaondoka.

Jumamosi, 14 Machi

Kwa faida ya atakayesoma daftari hili na hajui besiboli, nieleze jambo moja, maana kila kitu kinazunguka hapo.

Mwamuzi akisema "Muda!" na kuinua mikono yote miwili, mpira umelala. Ndivyo tunavyosema hapa. Mpira uliolala haumtoi mtu wala haumpi mtu pointi. Aliyekuwa kituo cha pili abaki kituo cha pili. Hata ukiurusha juu ya paa la kiwanda, hakuna kilichotokea. Na hauamki wenyewe. Mrushaji lazima asimame kwenye ubao wake akiwa na mpira mkononi, kisha mimi niseme "Cheza!" Kabla ya neno hilo, yote yanayofanyika ni mazoezi ya viungo.

La pili: mchezaji hana uwezo wa kuulaza mpira. Anaomba tu, na mwamuzi akiona vyema anatoa. Kuomba siyo kupewa. Nimewaimbia wachezaji maneno haya mpaka wananiiga nyuma ya mgongo wangu.

Leo tumecheza na Matofali. Kitasa ameomba muda mara tatu. Mara ya tatu binti yangu alicheka nyuma ya glavu. Niliona mabega yake. Mpango wa kurusha mpira unachekesha nini?

Jumanne, 17 Machi

Binti ana kitambaa kipya cha kichwa, cha kijani. Nikauliza kimetoka wapi. "Dukani, Baba." Jibu la namna hiyo linafunga mlango.

Alhamisi, 19 Machi

Mafuta.

Jumamosi, 21 Machi

Nimewagawia siku nzima macho mawili: moja kwenye mpira, moja kwao. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Usiku nilimwambia mama yake ninachokiona. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua hata uso.

"Kwa hiyo wanaongea," alisema.

"Wanaongea wakiwa wameziba midomo."

"Na wewe ndiye unayewapa ruhusa."

"Sheria ndiyo inayowapa."

"Basi ishtaki sheria, Baba Kombeo. Wewe utaishuku hata chai kwa kupoa."

Alicheka peke yake. Nikajiuliza kama na yeye anajua kitu.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua imetukamata duru ya tano. Nikaulaza mpira, tukakimbilia chini ya bati la stoo ya vifaa, wote tumebanana, Magodoro na Maji, tukinuka glavu zilizolowa. Baada ya nusu saa uwanja ukawa dimbwi. Nikatangaza kwamba tutaendelea Jumamosi ijayo pale pale tulipoachia: wakimbiaji wale wale, vituo vile vile, mpigaji yule yule aliyekwisha kukosa mara moja. Mchezaji mmoja wa Maji akauliza kama wataanza upya. Nikamwambia hapana, mchezo haujafa, umelala tu.

Wakati nasema hayo, binti yangu na Kitasa walikuwa kwenye kona ya stoo. Hawakuwa wanaongea. Walikuwa wamesimama tu, wakitazama mvua upande mmoja. Hilo lilinichoma kuliko yale maneno ya kwenye glavu.

Niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayenisikia. Sina ugomvi na kijana. Ni fundi mzuri, hanywi, na akidaka mpira, umedakwa. Ninachoogopa ni kuwa wa mwisho kuambiwa. Binti huyu alikuwa akipata hata mwiba mguuni ananiita mimi, siyo mama yake. Sasa kuna jambo kubwa linakuja, nalinusa, na wanalipanga mbele ya macho yangu kwa idhini yangu. Siku moja nitarudi kutoka kazini nikute chumba chake kitupu na barua mezani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 1 Aprili

Mafuta. Nimeanza kuamini anayauza.

Jumamosi, 4 Aprili

Mchezo wa wiki iliyopita umeamka na kumalizika. Magodoro wameshinda. Muda: mara mbili. Glavu: mara mbili.

Jumatatu, 6 Aprili

Nilipita kwenye chumba cha vyerehani kukagua. Mashine zote zinameremeta. Nikamuuliza mshonaji mmoja wa makamo kama siku hizi mashine zinakunywa mafuta sana. Akasema, "Mbona Kitasa anatia matone mawili kwa wiki?" Nilirudi ghalani mwili umenisisimka. Sasa nina jambo la kushika. Sijamwambia mtu. Nataka nimkamate na ushahidi wa kutosha, siyo wa nusu.

Jumamosi, 11 Aprili

Leo nimefanya jambo na nalitetea.

Maji walikuwa na mkimbiaji kituo cha pili. Mpira ulikuwa mkononi mwa Kitasa. Akainua mkono kama kawaida yake: "Muda, mwamuzi." Nikalitazama wingu. Sikuinua mikono, sikusema lolote. Yeye, kwa mazoea ya kupewa, akasimama akaanza kutembea kwenda kwa binti yangu na mpira kwenye glavu, kichwa chini.

Mkimbiaji wa Maji si mjinga. Aliona mpira uko macho. Akatoka mbio, akapita kituo cha tatu, akaja mpaka nyumbani, kituo cha mwisho kinacholeta pointi, kwani aliyepaswa kulinda nyumbani alikuwa anatembea kama mtu anayekwenda sokoni. Watu walipopiga kelele Kitasa akageuka na kukimbia, lakini alikuwa amechelewa. Pointi.

Uwanja mzima ukanigeukia. Nikawaambia, "Nani alisikia nikisema muda?" Hakuna. Mama Povu, ambaye timu yake haikuwa hata inacheza leo, alipiga makofi peke yake kwenye benchi la mbao. Magodoro walishinda hata hivyo, kwa tofauti ndogo.

Jioni binti aliweka kijiko chini.

"Baba, ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Kwa nini hukumpa?"

"Kuomba siyo kupewa."

"Wiki zote unampa. Leo umemnyima hadharani." Kisha akasema kwa upole ulioniudhi kuliko kelele, "Ukiwa mwamuzi, kuwa mwamuzi. Ukiwa baba, kuwa baba. Usituchanganyie." Akatoa vyombo.

"Usituchanganyie." Nimeliandika neno hilo jinsi alivyolisema. Hiyo "tu" ni nani na nani?

Jumapili, 12 Aprili

Mvua kutwa. Hakuna aliyesema na mwenzake ndani ya nyumba hii isipokuwa kuhusu ndoo.

Jumamosi, 18 Aprili

Kitasa ameomba muda mara moja tu, na alisubiri mpaka nikainua mikono ndipo akanyanyuka. Nikampa. Walizungumza kifupi. Binti alitazama upande wangu wakati anazungumza. Mimi nilijifanya napangusa vumbi kwenye kibao cha nyumbani kwa brashi yangu, ingawa hakukuwa na vumbi, kulikuwa na tope.

Jumatano, 22 Aprili

Kikopo cha mafuta. Safari hii nilimkazia macho na kumwambia, "Kijana, una lolote la kuniambia?" Akafungua mdomo. Naapa alifungua mdomo. Halafu simu ya ghalani ikalia, nikaipokea, na nilipomaliza alikuwa ameshaondoka. Kikopo alikisahau mezani. Baada ya dakika chache akarudi kukichukua, akaondoka tena.

Jumamosi, 25 Aprili

Magodoro na Sabuni wameingia fainali. Jioni binti alikuwa anaongea kwenye simu nyuma ya nyumba. Nikachukua ufagio. Nilifagia uwanja wa nyuma mpaka udongo ukabadilika rangi. Nilichopata ni "sawa" tatu na "basi" moja.

Jumamosi, 2 Mei

Sijui niandike vipi, lakini nitaandika kwa mpangilio, kama mtu anayetoa ushahidi.

Fainali. Hakukunyesha. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta wa kiwanda cha matofali, wengine wamekuja na masufuria ya kugonga. Duru ya mwisho, Magodoro wanaongoza kwa pointi moja. Sabuni wametolewa wawili, bado mmoja tu mchezo uishe. Lakini wana wakimbiaji kituo cha pili na cha tatu, na mpigaji wao ni yule mrefu anayefanya kazi kwenye mitungi ya kuchemshia sabuni. Amekosa mara mbili. Akikosa tena, kombe ni la Magodoro.

Kitasa akainua mkono. "Muda, mwamuzi."

Nikainua yangu yote miwili. "Muda!" Mpira ukalala.

Akaenda kwa binti yangu. Glavu zikapanda midomoni. Mimi nikatoa brashi, nikatoka mbele ya kibao kana kwamba napangusa, nikasogea hatua mbili zaidi ya ninavyosogea siku zote. Na katikati ya kelele zile za masufuria, upepo ukaniletea neno moja kwa sauti ya Kitasa: "baba."

Neno moja hilo. Halikuwa na mbele wala nyuma. Nilirudi mahali pangu nikilitafuna. Baba afanywe nini? Baba asijue? Baba akilala? Kitasa akarudi, akachuchumaa. Binti akapanda kwenye ubao wake, mpira mkononi. Mpigaji akajiweka sawa. Binti akanitazama kidogo, kama anavyonitazama siku zote, akajikunja, akaurusha.

Mpigaji akapiga hewa. Mpira ukalia ndani ya glavu ya Kitasa.

Uwanja ukapasuka. Watu wakashuka ukutani. Binti alirusha kofia juu, wenzake wakamvamia, na mimi nilisimama pale nikiwa na furaha ya baba kwa muda mfupi sana. Kisha nikamwona Mama Povu anakuja. Hakuwa anakimbia. Alikuwa anatembea kwa starehe, akijipangusa mikono kwenye leso, na alipofika alisema kwa sauti ya chini:

"Mwamuzi. Uliuamsha mpira?"

Nilirudi nyuma akilini nikatafuta. Nilikuta brashi, hatua mbili na lile neno, kisha mpira ukiwa hewani. "Cheza" haikuwepo.

Hakuna mtu mwingine aliyejua. Kwa kelele zile hata ningesema, nani angesikia? Wachezaji wote walicheza kwa mazoea, wakidhani wamelisikia kwa kuwa hulisikia siku zote. Hata Mama Povu hakuwa na hakika. Aliniuliza, hakunishtaki. Ningesema "Nilisema," mambo yangeishia hapo, na binti yangu angebebwa juu kwa juu mpaka nyumbani.

Lakini mimi ghalani, kwa miaka yote, nimekuwa mtu wa kuwauliza wenzangu, "Una hakika?" Nikaona aibu ya kuulizwa na kusema uongo.

"Sikusema," nikamwambia. Nikainua mikono, nikawaita wote. "Mpira ulikuwa umelala. Huo hauhesabiki. Kila mtu arudi mahali pake."

Sitaandika nilivyoitwa. Ilichukua muda mrefu kuwaondoa watu uwanjani. Kitasa alirudi kuchuchumaa, lakini binti yangu alisimama kwenye ubao akinitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona usoni mwake. Alikuwa ananishuku. Nayajua macho hayo vizuri, ni yangu.

"Cheza!" nikasema.

Akaurusha. Mpigaji wa mitungi akaupata katikati kabisa, ukaruka juu ya vichwa vya wote ukadunda karibu na ukuta. Wakimbiaji wawili wakaingia nyumbani. Kombe likaenda Sabuni.

Jumapili, 3 Mei

"Shikamoo, Baba." "Marahaba." Ni hayo tu kutwa nzima.

Jumatatu, 4 Mei

Kiwandani hakuna anayekuja ghalani ila aliyelazimika. Kitasa hajaja kuomba mafuta. Sikutegemea, lakini nimejikuta natazama mlango.

Jumanne, 5 Mei

Mama watoto leo kanipa chakula, akakaa mbele yangu, akauliza, "Ni kweli ulisahau?" Hata yeye.

Jumatano, 6 Mei

Nilimkuta binti amekaa jikoni anashona ngozi ya glavu yake iliyofumuka. Nikavuta kigoda.

"Baba," alisema bila kuinua kichwa, "ulifanya makusudi?"

"Hapana."

"Kama ile siku ya Maji?"

"Ile ya Maji ilikuwa makusudi. Hii hapana."

"Nithibitishie."

Sina namna. Ndilo nililomjibu. Mtu atathibitisha vipi kwamba amesahau? Nimewauliza wangapi swali hilo mlangoni pangu, wakabaki wamenitumbulia macho, nami nikahesabu kimya chao kuwa kosa. Kisha nikaona bora niaibike mara moja.

"Nilikuwa natega sikio," nikasema. "Nilisogea na brashi nisikie mnachosema. Nikasikia neno moja tu, 'baba.' Lilinijaa kichwani nikasahau kazi yangu. Nimewapotezea kombe kwa umbea."

Sindano ikasimama. Aliniangalia, na mdomo wake ukaanza kucheza pembeni kama wa mama yake.

"Umesikia 'baba' tu? Hukusikia yaliyobaki?"

"Sikuyasikia."

"Alikuwa ananiuliza, 'Nimwambie leo baba?' Kila wiki ananiuliza hivyo hivyo, tangu ligi ianze. Na mimi kila wiki namjibu, mwambie, hatakumeza. Basi anakwenda, halafu anarudi hajasema."

"Na mkaona mkalipange mbele ya uwanja mzima?"

"Tulipange wapi, Baba?" Sauti yake ilipanda. "Nyumbani upo. Kazini upo mlangoni. Nikipiga simu unakuja kufagia. Mahali pekee duniani ambapo unatupa nafasi ni pale. Na unaturuhusu mwenyewe, kwa mikono miwili."

Nilikuwa nimeogopa kuwa wa mwisho kuambiwa, kumbe muda wote huo nilikuwa ndiye mtu wanayetafuta namna ya kumwambia. Nikamwambia samahani. Akasema, "Shika hapa," nikaishika ngozi ya glavu kwa pande mbili, naye akaendelea kushona.

Alhamisi, 7 Mei

Kitasa hajaja. Nimemtuma mtu amwambie ghala liko wazi.

Jumamosi, 9 Mei

Wamekuja saa kumi, Kitasa na mjomba wake, mzee mpole mwenye kazi ya kunoa visu. Kitasa amevaa shati lililonyooshwa mpaka linakata. Mkononi ana kikapu, na kabla hata ya kukaa akakiweka mbele ya miguu yangu. Nikachungulia. Vikopo vya mafuta ya cherehani, vimejaa mpaka juu, hakuna hata kimoja kilichofunguliwa.

Mama watoto alikohoa akaenda kuangalia chai ambayo ilikuwa tayari.

Mjomba akatoa maneno ya kufungulia njia ya posa, akayapanga vizuri, halafu akamgeukia mpwa wake, kwa kuwa kijana aliomba aseme mwenyewe. Kitasa akavuta pumzi.

"Mzee," alisema, "naomba..."

Akakwama. Akavitazama vile vikopo. Mjomba akamgusa goti, naye Kitasa akaanza tena. "Naomba..." Jasho likamtoka, nami nikaona kabisa kwamba mtu huyu yuko karibu kuniomba mafuta ndani ya nyumba yangu.

Binti yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa chake cha kijani. Akaniangalia mimi, siyo yeye. Kisha akainua mikono yote miwili.

"Muda, mwamuzi."

Mjomba alituangalia kwa zamu kama mtu aliyekosea nyumba. Mimi nikainua yangu. "Muda," nikasema.

Kitasa akanyanyuka, akavuka chumba mpaka mlangoni. Wakaziba midomo kwa viganja, wakaongea. Nilikuwa karibu kuliko siku ya fainali, na hapakuwa na kelele ya sufuria hata moja. Nikaanza kumuuliza mjomba habari za mawe ya kunolea, kwa sauti, nikamuuliza na mengine mpaka nikasikia kiti kinalia.

Kitasa alikuwa amerudi, ameketi, mgongo umenyooka. Wote chumbani wakanitazama mimi. Mama watoto na sinia lake, mjomba, binti pale mlangoni. Nikajua wanangoja nini.

"Cheza," nikasema. Nilisema kwa nguvu hata jirani akachungulia juu ya ukuta.

Akaomba. Nikampa.